UZITO WA MWILI NA UZITO WA HUKUMU
Namna sauti inavyoweza kumfunza mwanafunzi wa lishe kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu

Mtu aliyezaliwa Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, akifika ugenini na kucheka mbele ya watu, mara nyingi asili yake hutambulikana papo hapo. Meno yake yana madoa ya rangi ya kahawia. Asiyejua humcheka kimoyomoyo na kusema: huyu hapigi mswaki. Anayejua hukumbuka kwamba Meru ni mlima wa volkano, kwamba maji yake hupita katika miamba na majivu yenye madini ya floraidi, na kwamba mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanaumbika ndani ya ufizi hupata madoa ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 katika kila lita ya maji ya kunywa; zipo chemchemi na vijito vya Meru vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Ndiyo sababu huko Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi katika maji, na miongoni mwa njia zilizotumika huko ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Nimeanza na meno, ingawa mada yangu ni uzito wa mwili, kwa sababu kosa ni lile lile. Jicho huona alama juu ya mwili, moyo hutunga kisa, na ulimi hutoa hukumu. Kati ya jicho na ulimi hakuna swali lililoulizwa. Kosa hilo, linapohusu unene au wembamba wa mtu, nitaliita katika makala haya "hukumu ya uzito": yaani kumdhania mtu uvivu, ulafi, ugonjwa au uzembe kwa kuutazama mwili wake tu. Nia yangu ni kueleza kwa nini hukumu hiyo ni kosa la kisayansi na si la adabu peke yake. Kwa nini ni hatari zaidi ikiwa moyoni mwa mwanafunzi wa lishe. Na kwa nini redio na kinasa sauti vyaweza kuwa dawa yake, ingawa si dawa inayotosha peke yake.

Lugha yetu ina mizani yake

Sikiliza salamu za watu katika soko la Kilombero au katika stendi ya mabasi ya Arusha. "Umenawiri, mwenzangu!" ni sifa. "Mbona umekonda hivyo?" ni swali lenye shaka ndani yake. Mwanamume mwenye kitambi hudhaniwa kuwa na fedha, lakini mtoto mnene shuleni huitwa bonge, na mwembamba huitwa kimbaombao. Basi hapa kwetu hukumu ya uzito hukata pande zote mbili, kama panga.

Hukumu hizi zina historia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Kwa jirani zetu wa Uganda, ambako madaktari waliueleza ugonjwa huo katika jarida la kitabibu mwaka 1985, watu walikuwa wameupa jina la "slim", maana yake mwembamba. Tangu hapo, kwa miaka mingi, kukonda kulitosha kumfanya mtu anong'onezwe, hata kama alikuwa amekonda kwa malaria, kwa vidonda vya tumbo au kwa huzuni ya kufiwa.

Ipo hukumu iliyo ya kale zaidi kuliko hiyo, nayo ni ile ya kubemenda. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto mchanga akidhoofu, watu husema amebemendwa: wazazi wake wamevunja mwiko kwa kukutana kimwili mapema mno, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Kwa hiyo mama anayembeba mtoto mwenye unyafuzi hadi kliniki huwa amebeba vitu viwili: mtoto na aibu. Mizani ya kliniki hupima kimoja tu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuonja hukumu hizi mbili zinazopingana. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya uzamivu, nilipungua kilo kadhaa, na wenzangu wa huko wakanipongeza kwamba nimeutunza mwili wangu. Niliporudi nyumbani, shangazi yangu alinitazama juu hadi chini, akauliza kwa masikitiko kama huko nilikokuwa walininyima chakula. Mwili ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni macho yaliyoutazama.

Sayansi yasemaje?

Wanafunzi wengi wanaoanza masomo ya lishe huamini kwamba uzito wa mtu ni hesabu rahisi: chakula kilichoingia, toa nguvu iliyotumika. Hesabu hiyo haina kosa, kwani nishati haipotei wala haizuki bure. Kosa ni kudhani kwamba mtu mwenyewe ndiye karani pekee anayeiandika. Na tuangalie ushahidi wa aina tatu.

La kwanza, urithi. Mwaka 1986 mtafiti Mmarekani Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kambo tangu utotoni. Uzito wao ulifuatana na ule wa wazazi waliowazaa, wala haukufuatana na ule wa wazazi waliowalea na kuwalisha. Mwaka 1990 walichapisha uchunguzi mwingine juu ya mapacha wa Sweden, wakiwamo pacha wanaofanana kabisa waliotenganishwa na kulelewa nyumba mbalimbali. Hao nao walikaribiana mno kwa uzito. Msomaji asielewe vibaya. Urithi hauna maana kwamba chakula na kazi havihesabiki. Una maana kwamba watu wawili wakila chungu kimoja na kulima shamba moja, miili yao yaweza kutofautiana bila mmoja kuwa na bidii kuliko mwenziwe.

La pili, homoni. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waligundua homoni iitwayo leptini, ambayo hutengenezwa na tishu za mafuta na kuujulisha ubongo kwamba akiba ya mwili inatosha. Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja, wanene kupita kiasi, ambao walikuwa na njaa isiyokwisha. Miili yao haikuwa na leptini. Walipotibiwa kwa sindano za homoni hiyo njaa yao ilipungua, na uzito wao pia. Hali hiyo ni nadra sana, wala haielezi unene wa watu walio wengi. Hata hivyo inatufunza jambo kubwa: njaa yenyewe ni kazi ya mwili, nayo yaweza kuharibika kama ini au moyo unavyoharibika.

La tatu, mazingira. Hapa tuna darasa letu wenyewe. Miteremko ya kusini ya Mlima Meru hupata mvua nyingi. Kuna migomba, kahawa, maharage na maziwa. Upande wa kaskazini, kuelekea Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, ardhi ni kavu na mvua ni ya kubahatisha. Mlima ni mmoja, lakini mwaka wa ukame hauzifikii nyumba zote kwa uzito ulio sawa. Mjini Arusha nako, mtu akaaye kwenye kiti kutwa nzima na kula chipsi kandokando ya barabara, kwa kuwa ndicho chakula kilicho karibu na kinachowezekana kwa mfuko wake, naye ameumbwa na mazingira yake.

Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini walikuwa wamedumaa, na wakati huo huo asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu umeshuka hadi asilimia 30, ila uzito uliozidi kwa wanawake umeendelea kupanda. Kwa hiyo afisa lishe wa leo atawahudumia wembamba na wanene katika kijiji kimoja, pengine katika nyumba moja.

Na kipimo tunachokitumia? Fahirisi ya uzito wa mwili hupatikana kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mzima mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.60 ana 70 ÷ 2.56, yaani 27.3, nayo imepita 25, ambapo uzito huhesabiwa kuwa umezidi. Asili ya hesabu hii ni Mbelgiji Adolphe Quetelet wa karne ya 19, ambaye alikuwa mtaalamu wa nyota na takwimu, si tabibu. Tarakimu hiyo hutupa dokezo la afya. Haitupi habari yoyote ya bidii, akili wala tabia ya mtu.

Mama aliyeondoka

Mwaka 2009 Rebecca Puhl na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio lililowahusu wanafunzi 182 wa masomo ya lishe kutoka vyuo vikuu 14. Kila mwanafunzi alipewa maelezo ya mgonjwa wa kubuni. Maelezo yalikuwa karibu sawa kwa wote; yaliyobadilika ni uzito wa mgonjwa na kama ni mwanamume au mwanamke. Hata hivyo wanafunzi waliosoma habari za mgonjwa mnene walimdhania kuwa na ulaji mbaya zaidi, na kwamba hangefuata ushauri wa wataalamu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza chochote. Hao ndio waliokuwa wakiandaliwa kuwa wasaidizi wake.

Wala nisiwatazame Wamarekani peke yao. Nilipokuwa kijana katika mafunzo ya vitendo, nilipangwa katika kliniki moja ya mama na mtoto. Alikuja mama mmoja na mtoto mwembamba sana, ambaye mstari wake katika kadi ya kliniki ulikuwa ukishuka kwa miezi miwili. Nikamwuliza kwa sauti, mbele ya foleni nzima: "Mama, huyu mtoto nyumbani anakula nini?" Maneno yenyewe hayakuwa mabaya. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa mbaya, nayo ilisikika. Nyuma yake nilisikia wanawake wawili wakinong'ona neno lile, kubemenda. Mama akasema, "Anakula, daktari," ingawa sikuwa daktari. Akamfunga mtoto mgongoni akaondoka.

Mwezi uliofuata hakuja. Wa pili yake pia hakuja. Muuguzi mmoja mzee akapanda mlimani kumtafuta nyumbani kwake. Kumbe mtoto alikuwa akikohoa tangu kabla ya siku ile, na babu yake waliyelala naye chumba kimoja alikuwa na kifua kikuu. Mama alikusudia kunieleza habari hiyo, lakini swali langu lilikuwa limekwisha kumjibia. Mtoto alitibiwa akapona. Miezi ile miwili aliyokaa bila dawa ilitokana na hukumu yangu, wala sina wa kumtupia lawama.

Nikasoma baadaye kwamba jambo hili limechunguzwa sana: mtu anayejisikia kudharauliwa kwa uzito wake huahirisha kwenda kutibiwa, huficha habari zake, na pengine huzidi kula kwa uchungu wa moyo. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja wakisema kwamba aibu haimpunguzi mtu unene, bali humdhuru. Kwa hiyo mtaalamu anayemwaibisha mgonjwa kwa nia ya kumsaidia hana tofauti na mganga anayetoa dawa ambayo imethibitika kuzidisha ugonjwa.

Kwa nini sauti?

Hukumu ya uzito huingia kwa mlango wa jicho. Sauti haina kilo wala sentimita. Mtu akizungumza redioni, msikilizaji hulazimika kuanza na maneno yake: anasema nini, anaogopa nini, ana watoto wangapi, shamba lake limezaa au limekauka. Kwa muda wa dakika chache, jicho lililozoea kutangulia hupaswa kungoja zamu yake. Hiyo ndiyo faida ya kwanza.

Faida ya pili ni kwamba sisi Watanzania tuna urithi mkubwa wa kujifunza kwa masikio. Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitumia Radio Tanzania kuwafikia watu wapatao 2,000,000, wakiwa katika vikundi vya kusikiliza vilivyoongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya "Chakula ni Uhai", juu ya lishe yenyewe, ambayo iliwashirikisha watu wapatao 1,500,000. Jambo la kukumbuka ni utaratibu wake. Watu hawakuachwa wasikilize na kwenda zao. Walisikiliza pamoja, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kusafisha mazingira, kulima mboga.

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo uitwao "Twende na Wakati", uliohusu uzazi wa mpango na Ukimwi, wenye wahusika kama Mkwaju, dereva wa lori mwenye tamaa, na mkewe Tunu. Hapo palifanyika jaribio zuri ambalo kila mwalimu wa sayansi angependa kulifahamu. Hadi mwaka 1995 kituo cha Dodoma kilitangaza vipindi vyake vingine badala ya mchezo huo, na kwa njia hiyo eneo hilo likawa kundi la kulinganishia. Everett Rogers, Peter Vaughan, Ramadhan Swalehe na wenzao walilinganisha maeneo hayo, wakaona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi palipotangazwa mchezo. Na Dodoma ilipoanza kuupata, nako yakaongezeka. Basi ilithibitika kwamba hadithi ya redio yaweza kubadili mwenendo wa watu, wala si kuwafurahisha tu.

Sauti iliyobomoa na sauti iliyojenga

Jiji la Arusha lina sababu yake ya pekee ya kuujua uwezo huo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ilifanya kazi katika jiji hili hadi mwisho wa mwaka 2015. Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari, wawili wao wakiwa wamehusika na kituo cha redio cha RTLM kilichochochea chuki wakati wa mauaji ya halaiki ya mwaka 1994. Rufani ya mwaka 2007 ilitengua baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini funzo lilibaki: sauti yaweza kumfanya jirani amwone jirani yake kuwa si mtu.

Sisemi kwamba dharau kwa mtu mnene yafanana na maovu yale. Kulinganisha hivyo kungekuwa kuwakosea heshima waliokufa. Nasema kwamba chombo kilichobomoa kilichunguzwa pia kama chaweza kujenga. Mwaka 2004 ulianza kutangazwa nchini Rwanda mchezo wa redio uitwao "Musekeweya", yaani mapambazuko mapya, kwa nia ya kurudisha maelewano. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aligawanya jamii kwa bahati nasibu: baadhi zilisikiliza mchezo huo kwa vikundi kwa muda wa mwaka mmoja, na nyingine zilisikiliza mchezo mwingine wa redio juu ya afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yanastahili kutafakariwa. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fahamu yao juu ya lile ambalo wenzao hulikubali na lile wasilolikubali, pamoja na mwenendo wao: walithubutu zaidi kupingana waziwazi na kushirikiana katika jambo la kikundi.

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo yanayofuata mkondo huo huo. Waliwaonyesha wanafunzi wa lishe na wa udaktari filamu fupi za kupinga dharau ya unene, huku kundi jingine likiona filamu ya kawaida. Fikra ambazo wanafunzi huzitamka ziliboreka, ingawa baada ya majuma sita sehemu ya mafanikio hayo ilikuwa imefifia. Lakini fikra za haraka, zile zinazopimwa kwa kasi ambayo mtu huoanisha maneno kabla hajafikiri, hazikubadilika.

Tunajifunza nini? Kwamba kanda moja haiwezi kuosha moyo. Inaweza kufanya mambo mawili madogo yenye thamani: kumfahamisha mwanafunzi kwamba anahukumu, na kubadili desturi ya darasa, yaani mambo ambayo wenzake watayacheka na mambo ambayo hawatayacheka tena. Desturi hiyo ndiyo itakayomlinda mgonjwa siku ambayo moyo wa mtaalamu bado haujabadilika.

Somo la kusikiliza

Katika kufundisha kwangu karibu na Mlima Meru, nimeweka somo la kusikiliza kabla wanafunzi hawajakabidhiwa mizani. Wanafunzi husikiliza kwa dakika kama sita sauti ya mtu anayesimulia siku yake: kuamka, kuteka maji, kupika ndizi au loshoro, kwenda sokoni Tengeru, kulala. Hakuna picha. Uzito wa mtu huyo hautajwi mahali popote.

Kisha kila mmoja hugawanya karatasi yake sehemu tatu: aliyoyasema msimulizi, niliyoyaongeza mimi, swali ambalo ningepaswa kumwuliza. Sehemu ya pili ndiyo yenye mafunzo. Mwanafunzi hugundua kwamba amempa msimulizi mwili: amemnenepesha alipotaja chapati, amemkondesha alipotaja deni. Wengine huniuliza mwishoni, je, mtu huyu ni mnene au mwembamba? Sijibu swali hilo hata siku moja. Hamu yao ya kutaka kujua ndiyo mada ya majadiliano yanayofuata.

Sauti hizo hupatikana kwa ridhaa ya wenyewe baada ya kuelezwa zitatumika wapi. Tena kijijini sauti ya mtu hujulikana kama uso wake. Kwa hiyo majina huondolewa, na mara nyingi maneno husomwa upya na mtu mwingine. Hatuwezi kufundisha heshima kwa njia ya kuivunja.

Jaribio kwa shule

Ndugu mwalimu, jambo hili laweza kuchunguzwa na klabu ya sayansi ya shule yoyote. Andika kadi juu ya mtu mzima wa kubuni: fundi cherehani, miaka 30, urefu sentimita 165, huanza kazi saa 2 asubuhi, hula milo mitatu. Nusu ya kadi ziseme ana kilo 58, na nusu kilo 92. Mengine yote yawe sawa. Changanya kadi na kuzigawa kwa kura, ili mwalimu asichague nani apate ipi. Kila mwanafunzi, bila kuandika jina lake, atoe alama kuanzia 1 hadi 5: je, fundi huyu ana bidii? Je, atafuata ushauri wa afya? Tafuteni wastani wa kila kundi. Tofauti ya wastani ndiyo kipimo cha hukumu ya uzito katika darasa lenu. Haimtaji mwanafunzi yeyote, kwa kuwa ni mali ya darasa zima.

Kisha wagawanyeni wanafunzi kwa kura nyingine. Kundi la kwanza lisikilize masimulizi kama nilivyoeleza na kuyajadili. La pili lisikilize kipindi cha urefu ule ule juu ya jambo jingine, kwa mfano upandaji wa miti, nalo lijadili. Rudieni kipimo kwa kadi mpya baada ya siku moja, na tena baada ya majuma sita. Bila kundi la pili hamtajua kama mabadiliko yameletwa na masimulizi au na mazoea ya kujaza kadi. Bila kipimo cha majuma sita hamtajua kama mabadiliko hayo yana mizizi.

Naomba masharti mawili yazingatiwe. Kwanza, asipimwe uzito mwanafunzi yeyote mbele ya wenzake, wala asitolewe mfano mwanafunzi aliye hai. Pili, matokeo yaandikwe kama yalivyo, hata kama tofauti haikupungua.

Neno la mwisho

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila mwili tuuonao umeundwa: na nasaba, na homoni, na mvua iliyonyesha au iliyokosekana, na maji ya mlima, na kazi, na pengine na kifua kikuu cha babu. Mtaalamu wa lishe hataacha kupima. Mizani na utepe ni vyombo vyake vya halali, na mtoto anayedhoofu lazima agunduliwe mapema. Ila kipimo ni mwanzo wa swali, si jibu.

Yule muuguzi mzee aliyepanda mlimani hakuwa na shahada ya ng'ambo. Alipofika kwa yule mama aliomba maji ya kunywa, akakaa kwenye kigoda, akamwacha aseme mpaka akamaliza. Ndipo akausikia ule msiba wa kikohozi ambao mimi, nikiwa na kadi mkononi na macho yaliyo wazi, nilishindwa kuusikia.